Muhuri wa Mtendaji Hauna Rangi

Isaka ni mahali ambapo reli na barabara zimekutana, na zilipokutana zimewakutanisha watu. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu wakati huo kituo hicho kidogo cha wilaya ya Kahama hakijapata kuwa mali ya kabila moja wala ya taifa moja. Njia ile ya reli ilileta makarani wa Kihindi, ikaleta wenye maduka wa Kiarabu, ikaleta mafundi kutoka kila pembe ya Tanganyika. Baadaye ikajengwa bandari kavu, na shehena za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo zikaanza kushushwa pale kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori. Kisha, mwaka 2021, kampuni za Kichina zikaanza kazi ya reli ya kisasa ya kilometa 341 baina ya Mwanza na Isaka. Na mwaka 2022 kampuni ya Kituruki ikakabidhiwa kipande cha Tabora hadi Isaka. Mama anayeuza wali na maharage kando ya barabara huko hahitaji kusoma jiografia. Jiografia yenyewe humjia na sahani mkononi.

Watu wa namna hiyo, awe aliyezaliwa hapo au mpita njia, kuna siku atahitaji kitu kutoka kwa serikali ya mahali. Atataka leseni ya duka, nafasi ya mtoto wake darasa la kwanza, dawa katika zahanati, mkopo wa kikundi, au barua ya utambulisho yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Na hapo ndipo ubaguzi wa rangi, ambao wengi hudhani ulizikwa pamoja na bendera ya Mwingereza usiku wa tarehe 9 Desemba 1961, unapopata nafasi ya kufufuka. Haufufuki na bango mlangoni. Hufufuka kwa karani kuinua macho, kutazama pua, nywele na ngozi ya mtu aliye mbele yake, na kuamua moyoni mwake huyu ni nani kabla hajafungua hata ukurasa mmoja wa karatasi alizoletewa.

Ubaguzi wa karani huyo una nyuso mbili, na inafaa zote mbili zitajwe, maana watu wengi huiona moja tu.

Uso wa kwanza ni kasumba ya kunyenyekea. Mgeni mweupe akiingia ofisini, foleni husahaulika. Kiti hutafutwa, mzee aliyetoka kijijini tangu alfajiri huambiwa asubiri kidogo, na yule aliyefika dakika tano zilizopita huhudumiwa kwa tabasamu ambalo wananchi hawajapata kuliona. Mtumishi anayefanya hivyo hukasirika akiambiwa kwamba anabagua. Yeye husema ni ukarimu wa Kiafrika. Lakini ukarimu gani huu ambao haumjui Mwafrika? Dereva wa Kongo aliyelala siku tatu chini ya lori lake naye ni mgeni, tena amechoka kuliko yule. Mbona yeye hutafutiwi kiti?

Uso wa pili ni shuku. Mtu akiwa mrefu, mwembamba, na lafudhi yake ya Kiswahili ikiwa na mguso wa Kihangaza au wa Kiha, huitwa Mnyarwanda au Mrundi papo hapo. Akiwa na ngozi ya maji ya kunde na jina la Kigujarati, huambiwa kwamba hii ni huduma ya wananchi, hata kama babu yake alizikwa Shinyanga. Huyo anayeambiwa hivyo huondoka bila ugomvi, kwa sababu amezoea. Mazoea hayo ndiyo jambo baya kuliko yote.

Ni vema watumishi wa halmashauri na walimu wakakumbuka mambo haya yalianzia wapi, kwa kuwa hayakuota kama magugu. Yalipandwa, yakapaliliwa na kuandikwa katika vitabu vya mishahara. Katika utumishi wa Serikali ya kikoloni, Mzungu alikuwa juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini, na kila ngazi ilikuwa na mshahara wake, nyumba yake na hospitali yake. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali za Afrika Mashariki, ilipendekeza kwamba asiye Mzungu akifanya kazi ile ile ya Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Hesabu hiyo haina fumbo. Mwafrika aliyesoma akafika pale alipofika Mwingereza, akakaa meza moja naye na kusaini hati zile zile, alihesabiwa kuwa asilimia 60 ya mtu. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury iliufuta mpango huo wa tatu kwa tano, lakini papo hapo ikaleta posho ya kuwavutia watumishi wa kutoka ng'ambo. Jina lilibadilika, na pengo likabaki pale pale kwa miaka mingine.

Hapo jirani, Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, utajiri ulitoka katika ardhi ya Shinyanga na mikono iliyochimba ilikuwa ya Waafrika. Lakini nyumba nzuri zilipangwa kwa rangi, na aliyechimba hakuwa ndiye aliyekaa humo.

Hata hivyo, funzo kubwa zaidi kwa mtumishi wa serikali za mitaa haliko katika vitabu vya mishahara, liko Geita. Baada ya vita vya pili vya dunia Gavana Edward Twining alikuja na nadharia aliyoiita ya mataifa mbalimbali kuishi pamoja. Maneno yalikuwa matamu. Katika Baraza la Kutunga Sheria la mwaka 1955 viti vya wajumbe wasio maofisa viligawanywa sawa: 10 vya Wazungu, 10 vya Waasia, 10 vya Waafrika. Wakati huo Wazungu nchini walikuwa wapatao 20,000, Waasia hawakufika laki moja, na Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane. Huo ndio uliokuwa usawa wa Twining. Kisha nadharia hiyo ikashushwa wilayani. Wananchi wa Geita wakaambiwa kwamba baraza lao la wilaya litakuwa la mchanganyiko, na ndani yake watakaa Wazungu na Waasia kwa sababu ya Uzungu wao na Uasia wao.

Usukumani wakati huo TANU ilikuwa imepigwa marufuku. Tangu mwaka 1954 matawi yake hayakuruhusiwa. Hivyo haiwezi kusemwa kwamba watu walichochewa na mikutano ya hadhara. Walikuwa wakulima wa pamba na wafugaji, waliokwisha kuchoshwa na amri za kupunguza mifugo, amri za matuta, na kodi zisizokwisha. Walipoona baraza hilo walielewa mara moja maana yake. Mwaka 1958 maelfu yao walitoka Geita wakavuka maji hadi Mwanza kuwaeleza wakubwa kwamba hawalitaki. Walikaa huko kwa siku nyingi. Polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Lakini haikupita muda mrefu kabla Serikali haijarudi nyuma, na kabla mwaka ule haujaisha TANU ikawa inaandikishwa tena Usukumani.

Wapo wasimulizi wanaopenda kusema kwamba watu wa Geita waliwakataa Wahindi na Wazungu. Hapo ndipo historia inapopotoshwa. Wakulima wale walikataa kuhesabiwa kwa rangi. Walikataa kiti cha baraza kuwa cha ngozi ya mtu badala ya kuwa cha mtu aliyechaguliwa na wenzake. Ushahidi upo, tena haukuchelewa. Katika uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958 na 1959, ambao TANU iliamua kuingia baada ya mkutano wake wa Tabora, wananchi waliwapa kura Waasia na Wazungu waliosimama upande wa uhuru, wakawanyima wale waliosimama na Gavana. Miongoni mwa walioshinda alikuwamo Ndugu Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza. Na mwaka 1965, viti vya rangi vikiwa vimekwisha kufutwa, wapiga kura wa Morogoro, karibu wote Waafrika, walimchagua Jamal kuwa mbunge wao bila kulazimishwa na sheria yoyote. Mtu mmoja yule yule alikuwa Mwasia chini ya sheria ya Twining, na mbunge tu chini ya sheria ya Jamhuri. Tofauti hiyo ndiyo makala hii inayoililia.

Haikuwa njia laini. TANU yenyewe, iliyozaliwa mwaka 1954 ikiwa chama cha Waafrika, ilifungua milango kwa watu wa rangi zote mwaka 1963 tu. Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa rangi. Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa ukali ambao haukuwa desturi yake na akaiweka serikali yake rehani juu ya jambo hilo. Baada ya uhuru, kazi ya kuwapandisha Waafrika katika utumishi ilikwenda kwa haraka, na ilikuwa haki, kwa sababu mlango uliofungwa kwa rangi haufunguki kwa kutazamwa tu. Lakini tarehe 7 Januari 1964 Mwalimu alitoa waraka wa kukomesha jambo hilo: kuanzia siku hiyo raia angeajiriwa na kupandishwa cheo kwa kuwa ni raia anayeweza kazi, si kwa kuwa ni Mwafrika. Baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi walipiga kelele. Siku 13 baadaye askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kizungu. Kiongozi mwingine angeurudisha waraka ule sandukuni na kungoja upepo utulie. Waraka haukurudishwa. Na leo vijana wanaosimama mbele ya makarani wakisema huyu si mwananchi hawajui kwamba hoja yao ilijibiwa kabla wazazi wao hawajazaliwa.

Katiba ya mwaka 1977 iliyaweka hayo katika sheria kuu. Ibara ya 9 inavitaka vyombo vyote vya umma vitoe nafasi sawa kwa raia wote bila kujali rangi wala kabila. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Ibara za 22 na 23 zinazungumzia haki ya kazi na ujira unaolingana na kazi. Serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zilirudishwa zikiwa chini ya Katiba hiyo, si kando yake. Mtendaji wa kijiji hana katiba nyingine ndani ya mtoto wa meza yake.

Sasa tazama leseni za biashara. Julai 2025 Serikali ilitoa agizo la kuwazuia wasio raia kufanya biashara 15, miongoni mwao biashara ya jumla na rejareja, uchimbaji mdogo wa madini, na ununuzi wa mazao shambani. Ni agizo linalowahusu sana watu wa ukanda huu wa dhahabu na pamba, na wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita walikuwa na sababu za kulifurahia. Lakini lisomwe lilivyoandikwa. Linasema asiye raia. Halisemi Mhindi, Mwarabu, Mchina wala Mzungu. Afisa biashara anayeingia duka la Mtanzania mwenye asili ya Asia akamdai pasipoti, huku duka la jirani yake akilipita kwa salamu, hatekelezi agizo. Anatekeleza chuki yake kwa kutumia karatasi ya Serikali. Na kama jirani yule aliyepitwa kwa salamu ndiye hasa asiye raia, basi afisa huyo ameshindwa mara mbili, kwa kuwa amemsumbua mwenye haki na kumwacha anayetafutwa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1993, Dar es Salaam, maneno ya jukwaani dhidi ya wale walioitwa magabacholi yaligeuka mawe dhidi ya maduka. Katika miaka iliyofuata likaja neno uzawa, nalo likajadiliwa kwa muda mrefu na wasomi na wanasiasa. Serikali ilipotunga sheria yake mwaka 2004 ililipa jina la kuwawezesha wananchi kiuchumi. Haikuandika wazawa. Uchaguzi wa neno hilo haukuwa wa bahati. Na maofisa wa maendeleo ya jamii wanaopitisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wanapaswa kujua kwamba kikundi cha raia hakipungukiwi na sifa kwa sababu mmoja wao nywele zake zimelala.

Kuhusu ajira, kuna mkanganyiko unaopaswa kuondolewa. Kumkatalia mgeni kazi ambayo mwananchi anaiweza si ubaguzi wa rangi. Ni sheria, na sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inataka mgeni awe na ujuzi ambao haupatikani nchini, tena awepo Mtanzania wa kurithishwa ujuzi huo. Msimamizi wa kigeni katika reli au mgodini akikutwa anafanya kazi ya kusukuma toroli, wa kulaumiwa ni aliyempa kibali. Ubaguzi wa rangi ni jambo jingine: ni watu wawili wenye kazi moja na ujuzi mmoja kulipwa tofauti kwa sababu ya walikotoka, jambo ambalo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inalikataza kwa kulitaja. Anayeliona hilo katika mradi wowote, naye akanyamaza kwa kuwa mwekezaji ni mkubwa, amejiunga na Tume ya Holmes bila kujua.

Linabaki la muhuri, na ndilo zito kuliko yote. Mtu anayetaka kitambulisho cha Taifa huanzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Anayetaka kumdhamini ndugu yake mahakamani huanzia hapo hapo. Basi mtendaji mmoja, kwa kusema tu kwamba sura hii siielewi, anaweza kumfanya raia aishi miaka mingi bila kuwapo kisheria. Nchi hii ina raia wake waliotoka nje kwa njia halali. Mwaka 1980 wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 walipewa uraia, na Mwalimu akapewa Nishani ya Nansen mwaka 1983. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbilia nchini mwaka 1972 na watoto wao walipokea vyeti vya uraia, wengi wao wakiwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ulyankulu iko mkoani Tabora. Mtu wa huko kufika Isaka kutafuta kibarua si safari ya ajabu. Anapofika na cheti chake akaambiwa arudi kwao, aliyetukanwa si yeye pekee. Imetukanwa saini ya Jamhuri.

Itajibiwa kwamba ukanda huu una wahamiaji haramu, na mtendaji mlegevu huiuza nchi kwa elfu kumi. Ni kweli kwamba wapo, na ni kweli kwamba wapo watendaji waliouza muhuri. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ilikuwa na lengo ambalo hakuna mzalendo angelikataa. Lakini yalitolewa malalamiko mengi kwamba waliosombwa ni pamoja na watu waliozaliwa humu, waliooa humu, waliokuwa na mashamba humu, na kwamba kosa la baadhi yao lilikuwa sura. Kumtambua raia ni kazi ya Idara ya Uhamiaji, ambayo ina sheria ya uraia ya mwaka 1995 na maofisa waliosomea. Mtendaji mwenye shaka apeleke shaka hiyo kwa barua, ampe mhusika nakala, na angoje jibu. Kuinyonga haki ya mtu kimya kimya kwa kumwambia njoo kesho, njoo Jumatatu, njoo mwezi ujao, hakulindi mpaka wowote. Tena muuza muhuri na mnyima muhuri ni watoto wa mama mmoja, maana wote wawili wamelifanya jambo la sheria kuwa la utashi wao.

Walimu nao wasidhani kwamba wameachwa nje. Katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza neno rangi limewahi kuwa hukumu ya kifo. Kuanzia mwaka 2007 watu wenye ualbino waliwindwa na kuuawa kwa ushirikina wa dhahabu na samaki, na Shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto ambao hawangeweza kulala nyumbani kwao. Mtoto aliyefundishwa darasa la pili kwamba mwenzake ni Mhindi, ni Mrundi, ni zeruzeru, hakufundishwa hayo na mtaala. Amefundishwa na mwalimu aliyecheka pamoja na darasa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa asili yake, na hata kwa kuwa mkimbizi. Lakini mwalimu hahitaji kuisubiri sheria ili aache kucheka.

Sheria pia imewapa wanakijiji mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu. Huko husomwa mapato na matumizi, na wakati mwingine hayasomwi. Isaka na kila kijiji cha njia hiyo ya reli kingeweza kuongeza jambo moja katika ajenda: mtendaji asome idadi ya watu waliomwomba barua tangu mkutano uliopita, idadi ya aliowanyima, na sababu ya kila mmoja aliyenyimwa, kwa maandishi, mbele ya wote.